Karafuu, Chokaa na Saruji: Historia ya Kuliokoa Jino Lililotoboka

Leo tunaingia ndani kabisa ya jino, mahali ambapo mswaki haufiki. Nitakupitisha katika historia ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni: jinsi binadamu alivyokuja kugundua kwamba jino lililotoboka linaweza kujiponya, mradi lipate msaada kwa wakati.

Huenda unasoma ukurasa huu ukiwa umeshika shavu. Kama unaishi Muthangari, unajua hali ilivyo. Upande wa Lavington kuna kliniki za meno zenye viti vya kisasa na picha za eksirei zinazoonekana papo hapo kwenye kompyuta. Fuata Gitanga Road hadi mwisho wake, uingie Kawangware, na utakutana na watu wazima ambao siku pekee waliyoketi mbele ya daktari wa meno ni siku ya kung'olewa. Jino ni lile lile na ugonjwa ni ule ule. Kwa nini basi mmoja atoke na jino lake na mwingine atoke na pamba mdomoni?

Jibu la haraka ni pesa, na sitakudanganya kwamba pesa si kitu. Lakini pesa si jibu lote. Hata mwenye gari kubwa huko Lavington hung'olewa jino kila siku kwa sababu alichelewa. Ili uelewe kuchelewa kuna maana gani, lazima kwanza tujue ndani ya jino kuna nani anayeishi.

Jino si jiwe. Juu lina gamba jeupe liitwalo enameli, ambalo ni gumu kuliko kitu kingine chochote mwilini mwako. Chini ya gamba hilo kuna dentini, yenye umanjano kidogo na vijimfereji maelfu kwa maelfu visivyoonekana kwa macho. Katikati kabisa kuna kiini, yaani nyama laini yenye mishipa ya damu, neva na seli za aina mbalimbali. Watu wengi hukiita kiini hiki "neva" tu. Utasikia mtu akisema, "Daktari ameniambia neva imeguswa." Kumbe neva ni mpangaji mmoja tu katika nyumba yenye wapangaji wengi.

Mpangaji ninayetaka umfahamu leo ni seli iitwayo odontoblasti. Seli hizi zimejipanga ukutani mwa kiini, bega kwa bega kama askari wa gwaride, na kazi yake ni kutengeneza dentini. Ndizo zilizojenga jino lako ulipokuwa mtoto, na hadi leo bado zinajenga, ingawa polepole sana. Jino linapoanza kuoza, asidi na sumu za bakteria hupenya kupitia vile vijimfereji na kuzifikia. Zikiguswa kidogo kidogo, huongeza bidii na kuweka tabaka jipya la dentini upande wa ndani, ili kumsukuma adui mbali. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Odontoblasti hufanya yote mawili kwa pamoja. Lakini zikishambuliwa kwa nguvu hufa, na odontoblasti iliyokufa haina dada wa kuchukua nafasi yake, kwa kuwa seli za aina hii zikishakomaa hazigawanyiki tena.

Kuna shida ya pili. Kiini kimefungiwa ndani ya kuta ngumu pande zote. Kidole kikiumia huvimba, na uvimbe hupata nafasi ya kutanuka. Kiini kikivimba hakina pa kwenda. Ndiyo maana jino moja dogo humliza mwanamume mwenye ndevu saa nane za usiku.

Ugonjwa huu haukuja na soda wala keki. Mwaka 1921, katika machimbo ya Kabwe nchini Zambia, lilipatikana fuvu la binadamu wa kale ambalo sasa linakadiriwa kuwa na umri wa miaka 300,000 hivi. Meno yake mengi ya juu yameoza, na kwenye mifupa kuna alama za majipu. Karibu nasi zaidi, mifupa ya yule Kijana wa Turkana aliyegunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 kando ya mto Nariokotome, na ambayo inahifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa hapa Nairobi, ina alama za uambukizi kwenye taya, mahali ambapo gego la utotoni lilikuwa limetoka. Kijana huyo aliishi takriban miaka milioni moja na nusu iliyopita. Baadhi ya wachunguzi walidhani kwamba uambukizi huo uliingia kwenye damu ukamuua. Hatuwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, lakini madaktari wa leo hawashangai wakisikia hivyo, kwa maana uambukizi wa jino bado unaweza kushuka shingoni, ukavimbisha chini ya ulimi na kuziba pumzi. Ukiona uvimbe wa namna hiyo, usingoje asubuhi. Nenda hospitalini usiku huo huo.

Kwa karne nyingi dawa ya jino bovu ilikuwa moja: koleo. Mtu wa kwanza tunayejua aliyeandika juu ya kukifunika kiini kilichoachwa wazi ili kipone ni Philipp Pfaff, daktari wa meno wa mfalme Frederick wa Prussia, huko Berlin. Katika kitabu chake cha mwaka 1756 alieleza jinsi ya kukata kibati chembamba cha dhahabu, kukikunja kama kifuniko, na kukiweka juu ya kidonda kisikiguse, kisha kuliziba jino. Ni wazo zuri kupita kiasi kwa zama zile. Lakini dhahabu haikuwa na la kuziambia seli, na wala hakuna aliyejua habari za bakteria. Meno mengi yaliyofunikwa namna hiyo yalikufa kimya kimya chini ya dhahabu yake.

Baada ya hapo mambo yalirudi nyuma. Mwaka 1836 Mmarekani Shearjashub Spooner aliandika juu ya matumizi ya aseniki kukiua kiini ili maumivu yaishe. Aseniki ni sumu, ndiyo ile ile ya panya. Ilituliza maumivu kweli, lakini ikivuja nje ya jino ilikula ufizi na mfupa wa taya. Fikra iliyotawala ikawa kwamba kiini kikishaguswa na hewa ni cha kuzikwa. Hata mwaka 1922, msomi Mjerumani aitwaye Rebel alikuwa akifundisha kwamba kiini kilichofunuka kimekwisha, hakina tumaini.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa historia inakuja nyumbani.

Vitu viwili vilivyoshindana kuokoa kiini cha jino katika karne ya 20 ni vitu ambavyo bibi yako wa Pwani alikuwa navyo ndani ya nyumba. Cha kwanza ni karafuu. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19, chini ya Wabusaidi wa Oman, Unguja na Pemba zilipandwa mikarafuu mpaka visiwa hivyo vikawa vinauzia dunia karafuu, hata baada ya tufani ya mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu mingi ya Unguja. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo eujino, ambayo hutuliza neva. Kila mtu aliyewahi kutafuna karafuu kwa ajili ya jino anajua jambo hilo. Madaktari waliichanganya eujino na unga mweupe wa oksidi ya zinki wakapata rojo la kuzibia jino kwa muda. Lile harufu la kliniki ya meno unalolikumbuka tangu utotoni, linalokutia hofu hata kabla hujaketi, ndilo hilo. Ni harufu ya Pemba.

Cha pili ni chokaa. Mafundi wa Pwani walichoma matumbawe kwenye tanuri, wakayazima kwa maji, wakapata chokaa ya kujengea na kupaka. Ngome ya Yesu pale Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, imesimama kwa matumbawe na chokaa. Nyumba za mawe za Lamu vivyo hivyo. Chokaa hiyo hiyo hupakwa kidogo kwenye jani la tambuu pamoja na popoo, ikatafunwa. Kwa lugha ya maabara, chokaa iliyozimwa ni kalisi haidroksaidi, na ni kali sana: ukiipima, uchungu wake wa magadi hufika pH 12.5, wakati maji ya kawaida ni 7. (Nikiwa hapo niseme: uraibu wa tambuu na popoo hauponyi meno. Popoo imethibitishwa kusababisha saratani ya kinywa.)

Miaka ya 1920, Mjerumani Bernhard Hermann alianza kutumia chokaa safi ya maabara ndani ya meno, na kufikia mwaka 1930 alikuwa ameonyesha jambo lililowashangaza wenzake. Kiini kilichofunikwa kwa chokaa kilijenga daraja gumu juu ya kidonda chake. Daraja, msomaji, tena lililojengwa na jino lenyewe.

Mwaka 1949, watafiti Glass na Zander nchini Marekani walizipambanisha dawa hizi mbili. Rojo la karafuu liliwekwa juu ya viini vilivyofunuka, na chokaa ikawekwa juu ya vingine. Baada ya wiki kadhaa meno yalikatwa na kutazamwa kwa hadubini. Chini ya karafuu kulikuwa na uvimbe usiokwisha na hakukuwa na daraja. Chini ya chokaa kulikuwa na tabaka la nyama iliyoungua, na chini yake seli mpya zimejipanga, zikiweka ukuta mpya. Jambo hili linapingana na akili ya kawaida, na naomba ulitafakari. Dawa iliyotuliza maumivu ndiyo iliyozuia kupona ilipogusa kiini chenyewe. Dawa iliyochoma ndiyo iliyoamsha ujenzi. Karafuu bado ina kazi katika jino ambalo dentini yake haijatoboka, na kliniki nyingi bado zinaitumia kuzibia kwa muda. Lakini tangu hapo ilijulikana kwamba kutulia kwa maumivu ni jambo moja na kupona ni jambo lingine.

Kwa nini chokaa iamshe seli? Miaka mingi baadaye jibu lilianza kuonekana. Odontoblasti zilipokuwa zikijenga dentini utotoni, zilifungia humo ndani protini za kuashiria, kama fundi anayesahau barua ukutani. Chokaa inapogusa dentini huyeyusha sehemu ndogo yake na kuzifungua barua hizo. Protini hizo huwafikia wapangaji wengine wa kiini na kuwaambia kwamba ukuta umebomoka, njooni mjenge.

Lakini chokaa haikufaulu kila mara. Kuna meno yaliyopona na meno yaliyooza chini ya chokaa ile ile, kwa daktari yule yule. Fumbo hilo liliteguliwa na panya. Mwaka 1965, huko Bethesda, Marekani, watafiti watatu, Kakehashi, Stanley na Fitzgerald, walichukua panya wa aina mbili. Kundi la kwanza lilikuwa la panya wa kawaida, wenye vijidudu mdomoni kama mimi na wewe. Kundi la pili lilizaliwa na kulelewa katika vizimba visivyo na kijidudu hata kimoja. Panya wote walitobolewa magego mpaka kwenye kiini, na matundu yakaachwa wazi, chakula kikijaa humo. Hawakuwekewa dawa yoyote, si karafuu, si chokaa, si dhahabu ya Pfaff.

Panya wa kawaida viini vyao vilioza na kutunga usaha. Panya wasio na vijidudu, na mabaki ya chakula yakiwa yamesongamana ndani ya tundu, walijenga daraja la dentini juu ya kidonda. Baada ya wiki tatu au nne lilikuwa limekamilika.

Mimi nauona utafiti huu kuwa ndio mkubwa kuliko wote katika hadithi yetu, kuliko hata dawa ghali zilizofuata. Ulionyesha kwamba anayekiua kiini ni bakteria, na wala si hewa, si chakula, si kule kutobolewa. Seli za jino zinajua kazi yake tangu zamani. Zinachohitaji ni kufungiwa mlango ili zisishambuliwe zikiwa kazini. Hivyo swali la "ni dawa gani iliyowekwa juu ya kiini" likapata mwenzake lenye uzito uleule: "je, jino lilizibwa barabara, mate yasipenye?"

Somo hilo lilipata sura yake ya Kiafrika hapa jirani. Katikati ya miaka ya 1980, chuo cha meno cha Dar es Salaam kilikuwa na tatizo ambalo mtu wa kijijini Kenya analijua vizuri. Mashine ya kuchonga jino inataka umeme, maji na vipuri, na vijijini havipo. Kwa hiyo karibu kila jino bovu lilikuwa linang'olewa. Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi huko, alijaribu na wenzake njia nyingine. Walitumia vifaa vya mkono tu, kama kijiko kidogo chenye makali, kukwangua sehemu iliyolainika kwa kuoza, kisha wakaziba kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe kwenye jino. Hakuna mashine wala umeme, na mara nyingi hakuna hata sindano ya ganzi.

Njia hiyo ilizaliwa Tanzania, ikapimwa zaidi Thailand na Zimbabwe miaka ya 1990, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza Siku ya Afya Duniani, tarehe 7 Aprili 1994. Dawa ya kuzibia iliyokuja kutumika sana katika njia hiyo huitwa kioo ayonoma, iliyovumbuliwa Uingereza na Wilson na Kent kuelekea mwanzo wa miaka ya 1970. Hunata kwenye jino na hutoa floraidi kidogo kidogo. Mwaka 2021 iliingizwa kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Sijui ni kwa nini habari hii haisimuliwi zaidi katika shule zetu. Ni moja kati ya michango mikubwa ya Afrika Mashariki kwa meno ya dunia.

Na kuna jambo ambalo njia hii iliwafundisha hata madaktari wenye mashine. Ukikwangua karibu na kiini, ukaacha tabaka jembamba la dentini iliyolainika badala ya kuchimba mpaka damu itoke, kisha ukaziba vizuri, bakteria waliobaki hukosa chakula, na odontoblasti ambazo bado ziko hai hujenga ukuta kwa upande wake. Mwaka 2016 jopo la wataalamu kutoka nchi mbalimbali lilipendekeza hivyo kwa mashimo yanayokaribia kiini. Kwa hiyo siku daktari akikwambia, "Nimeacha kidogo makusudi," usidhani amefanya kazi nusunusu.

Haya, tumefika kwenye saruji, na hapa nakurudisha Muthangari. Kwa zaidi ya miaka 20 nyumba za zamani za bustani kubwa zimekuwa zikibomolewa na maghorofa kujengwa mahali pake, na malori ya saruji ni wageni wa kila siku. Saruji hiyo huitwa Portland, jina la hataza ya Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, ya mwaka 1824. Mwaka 1993, Mahmoud Torabinejad, profesa mzaliwa wa Iran katika chuo kikuu cha Loma Linda, California, pamoja na wenzake walitangaza dawa mpya ya kuziba matundu ya mizizi ya meno. Waliiita MTA. Ukiichunguza, karibu robo tatu yake ni saruji ya Portland iliyosafishwa, na nyingine ni oksidi ya bismathi ili ionekane kwenye eksirei, na jasi kidogo. Ndugu wa mfuko ulio mgongoni mwa kijana wa mjengo!

Saruji ina sifa mbili ambazo daktari wa meno huzitamani. Hugandia mahali penye unyevu, na ndani ya jino hapakosi unyevu. Na inapoganda hutoa kalisi haidroksaidi kidogo kidogo, yaani chokaa yetu ile ile, lakini kwa upole. Chokaa tupu huyeyuka miaka ikipita, na daraja linalojengwa chini yake mara nyingi huwa na vishimo ambamo bakteria hupenya kama maji kwenye paa la mabati yaliyotoboka. MTA hubaki mahali pake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, magego ya mwisho ya watu waliojitolea, ambayo yalikuwa yang'olewe hata hivyo, yalifunikwa mengine kwa MTA na mengine kwa chokaa kabla ya kutolewa. Chini ya MTA madaraja yalikuwa mazuri na uvimbe ulikuwa mdogo. Chini ya chokaa matokeo yalikuwa ya kubahatisha. Kasoro ya MTA ni kwamba huchukua karibu saa tatu kuganda, ya kijivu huweza kulibadilisha jino rangi, na bei yake si ya mchezo. Mwaka 2009 ilitoka dawa ya ukoo huo iitwayo Biodentine, inayoganda kwa takriban dakika 12.

Tafadhali, msomaji, usije ukachota saruji ya mjengo ukaijaza kwenye jino. Saruji ya ujenzi ina uchafu wa madini mazito, haijasafishwa, na ndani ya jino bovu itafungia vijidudu pamoja na usaha. Nasema hivi kwa kuwa watu hujaribu mengi: asidi ya betri, tumbaku, aspirini iliyosagwa ikabandikwa kwenye ufizi. Asidi ya betri huua neva kweli. Huua na kila kitu kingine inachokigusa.

Bado hatujamjibu mtu mmoja. Kama odontoblasti zilizokufa hazizai, ni nani basi anayejenga daraja? Mwaka 2000, Stan Gronthos, Songtao Shi na wenzao huko Marekani walionyesha kwamba ndani ya kiini cha jino la mtu mzima kuna seli shina, yaani seli ambazo hazijachagua kazi. Ziko zimelala karibu na mishipa ya damu. Zinapopata wito, huzaliana, husogea hadi kwenye kidonda, na kugeuka kuwa wajenzi. Mwaka 2003 kikundi hicho kilizipata hata ndani ya meno ya utotoni yanayong'oka yenyewe, yale ambayo watoto wetu huyarusha juu ya paa. Wataalamu bado wanabishana juu ya daraja lenyewe. Wengine husema ni dentini ya kweli. Wengine, wakilitazama kwa hadubini, husema linafanana zaidi na kovu gumu, kwa kuwa halina vijimfereji vilivyopangika. Kwa mgonjwa tofauti hiyo si kubwa ilimradi mlango umefungika, lakini kwa mtafiti ni swali zito, na dawa za kesho zitategemea jibu lake.

Basi ni nini kinachoamua kama jino lako litapata nafasi hii? Hapa nchini madaktari wa meno wamekuwa wakifundishwa Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1974, na hospitali yao ya mafunzo iko Argwings Kodhek Road, safari fupi ya matatu kutoka Muthangari. Ujuzi upo. Kinachokosekana mara nyingi ni kiini kilicho hai. Seli shina haziwezi kufanya kazi ndani ya nyama iliyooza, hata uweke dawa ya bei gani.

Kwa hiyo lisikilize jino lako. Likishtuka kwa maji baridi au kitu kitamu kisha likatulia mara tu unapomeza, kiini kiko hai na kinalalamika. Huo ndio wakati wa kwenda. Maumivu yakianza kukaa dakika nyingi, yakikuamsha usiku, au chai ya moto ikiwa ndiyo inayokuua, uvimbe umeingia ndani zaidi, na pengine daktari atahitaji kuondoa sehemu ya kiini au kusafisha mizizi yote. Kisha kuna dalili inayowadanganya wengi kuliko zote. Jino lililokuuma wiki mbili linanyamaza ghafla. Unamshukuru Mungu, unarudi kazini. Kumbe neva imekufa, na usaha unajikusanya polepole kwenye ncha ya mzizi.

Mama na baba, gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka sita hivi, nyuma ya magego ya utotoni, bila jino lolote kung'oka. Wazazi wengi hudhani ni la utotoni na wakasema litatoka lenyewe. Gego hilo halina mwenzake wa kulirithi. Lakini lina bahati moja: mzizi wa jino changa bado haujafunga, damu inaingia kwa wingi, na seli zake ni hodari kuliko zako na zangu. Likitoboka mapema na kufunikwa vizuri, lina nafasi nzuri ya kuendelea kukua.

Ukifika kwa daktari, usiogope kuuliza. Uliza kama kiini bado kiko hai. Kama shimo limegonga kiini, utaona daktari akibana pamba yenye dawa dakika chache na kutazama kama damu inakoma. Damu ikikoma, kiini kina afya ya kutosha kufunikwa. Isipokoma, uvimbe umeshuka chini zaidi. Uliza pia atakifunika kwa nini, na ataziba juu kwa nini, na kama kazi itamalizwa siku hiyo hiyo. Dawa ya muda ikiachwa miezi, mate hupenya, na wewe sasa unajua habari za panya wa 1965.

Baada ya hapo utarudi, tuseme baada ya miezi sita, hata kama huumwi. Daktari atagusisha kitu cha baridi kwenye jino lile. Ukihisi ubaridi ukainua mkono, na ubaridi ukaisha mara moja, ataandika kwenye faili kwamba jino li hai.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya ufizi unaotoa damu. Kwa sasa, kwaheri.